Ukurasa Uliofutwa na Tumsifu

Soma hadi mwisho, kisha mtumie mwenzako wa kazini, hasa yule bingwa wa kunyoosha kidole.

Katika ofisi moja ya programu mjini Mbeya alikuwapo fundi aitwaye Anyosisye. Kompyuta alijifunza mwenyewe. Hasira alizaliwa nazo. Ndiye aliyewalazimisha wenzake waache kubeba kazi kwenye flashi na watumie Git, ghala linalotunza kila badiliko la programu pamoja na jina la aliyelifanya. Wenzake hawakuipenda hata kidogo.

Asubuhi moja, ukurasa wa dawa katika programu ya hospitali waliyokuwa wakiitengeneza ukawa haupo. Na wenye hospitali wanakuja kuikagua saa nane!

"Git yako imeumeza!" akafoka mwenzake Lusajo. "Enzi za flashi tulipoteza nini?"

"Mlipoteza flashi!"

Wakabishana saa mbili nzima, flashi na Git, Git na flashi, hadi chai ikapoa. Mkuu wao, Mama Kalinga, akachoka.

"Anyosisye mwanangu, ukurasa huo usiporudi, wewe na Git yako mkatafute ofisi nyingine."

Damu ikamchemka. Yaani afukuzwe kwa uzembe wa mtu mwingine? Akaunganisha kompyuta yake na skrini ya ukutani.

"Git haimezi kitu. Haya, tumwone mchawi wetu hadharani."

Kumbukumbu zikafunguka: *Umefutwa jana, saa kumi jioni. Aliyefuta: Tumsifu.*

Lakini Tumsifu aliacha kazi tangu Pasaka.

"Nani anatumia jina la Tumsifu?" akauliza Mama Kalinga.

Lusajo akainua mkono taratibu. Kujiandikisha kwenye Git kwa jina lake kulimchosha, akasema, na nywila ya Tumsifu imebandikwa pale ukutani. Akafuata Subira. Wakafuata wote. Anyosisye akatazama sakafu, kisha, kwa kuwa uongo hakuuweza, akainua mkono wake.

"Hata wewe, mwenye Git?"

"Hata mimi, Mama. Nilikuwa na haraka."

"Kwa hiyo huenda umeufuta wewe."

"Huenda."

Anyosisye akabonyeza mara mbili tatu, ukurasa ukarudi mzima. Dakika moja haikuisha.

"Dakika moja!" Mama Kalinga akashika kichwa. "Na saa mbili zile mlikuwa mnanifanyia nini?"

Funzo: Rudisha kwanza kilichopotea, ndipo umtafute mchawi, na ukitaka historia imtaje mkosaji, hakikisha wewe mwenyewe umeandika humo jina lako.