Risasi Iliyobaki Mtutuni

Mkulima mmoja, wapendwa, alinunua bunduki ya bei rahisi. Msinikodolee macho, kwenye neno la Mungu tutafika tu.

Bunduki yenyewe ilikuwa mbili katika moja. Mtutu wa juu ulitoa marisau, zile punje za kupigia kanga. Mtutu wa chini ulitoa risasi moja, ya mnyama mkubwa. Kibali anacho, kila kitu halali. Lakini risasi za dukani bei yake haishikiki, basi akajifunza kujaza maganda mwenyewe. Anaweka fataki, kile kidude kinacholipuka kikigongwa na kuwasha baruti, kwenye kitako cha ganda, anamimina baruti kwa kipimo, anafunga kwa risasi juu. Ni kazi ya utulivu, maana ukikosea, uso ni wako.

Siku moja amepanga maganda mezani, saba ameshayatia baruti, anashika la nane. Mara, "Hodi humu ndani!" Ni kaka wa mkewe. Sasa niambieni, kwetu sisi mtu anaitikia hodi huku ameinamia meza? Thubutu! Aliinuka. Wakaanza: habari za huko, watoto, mvua, na yule ng'ombe aliyevunjika pembe amepona? Salamu zetu mnazijua. Aliporudi mezani alichukua lile la nane, akaamini lina baruti, akalifunga. Na ganda lenye baruti na lisilo nayo, yakishafungwa, jamani, yanafanana kabisa.

Kesho yake asubuhi na mapema nguruwe pori wakaingia kwenye mahindi. Shemeji, aliyekuwa amelala hapo, akatoka naye. Mkulima akalenga, akafyatua mtutu wa chini. Badala ya kishindo ikasikika "pu", kama mtu aliyeziba kikohozi. Nguruwe hata hawakuinua vichwa.

Akafungua bunduki, akatoa ganda tupu, akaweka jingine, akafunga, akalenga tena. Halafu akasita.

"Piga, shemeji! Wanamaliza mahindi!"

"Ngoja. Ile ya kwanza imekwenda wapi?"

"Si umekosa! Piga nyingine!"

"Ningekosa tungeona vumbi. Risasi haiyeyuki, shemeji. Imekwenda wapi?"

Nawauliza ninyi: nguruwe wanatafuna chakula cha watoto wako, shemeji anakupigia kelele sikioni, ungesimama kuuliza swali? Mimi ningepiga. Nakiri mbele yenu, ningepiga.

Yeye alifungua, akaitoa ile mpya, akauelekeza mtutu kwenye mwanga, akachungulia. Giza tupu. Akaingiza fimbo ya kusafishia, akagonga, na risasi ya kwanza ikaanguka miguuni pa shemeji. Fataki peke yake ilikuwa imeisukuma hadi katikati ya mtutu, ikakwama. Angepiga nyingine nyuma yake, bunduki ingempasukia usoni, na huenda shemeji naye tungemzika. Shemeji akakaa chini palepale kwenye matuta.

"Mungu wangu," akasema, "na mimi ndiye niliyekuwa nasema piga!"

Hapo mnataka kusema amina. Msiseme bado.

Mchana wake, mkulima anasimulia kwa mara ya tatu, majirani wamejaa ukumbini, wanampongeza. Mkewe anatenga chakula bila kumwangalia. Akamwuliza, "Mama watoto, mbona kimya? Una nini?" Mkewe akajibu kwa sauti ndogo, "Sina neno." Naye akasema, "Haya, niongezee mchuzi."

Mnacheka! Mtu aliyewaachia nguruwe mahindi kwa sababu ya "pu" moja ya bunduki, amesikia "sina neno" ya mkewe, akaomba mchuzi! Neno lilikuwepo, ndugu zangu. Lilitoka moyoni, likafika kooni, likakwama. Na sisi ndivyo tulivyo. Tunaweka jingine nyuma yake: mbona chumvi kidogo, shati langu liko wapi. Tunaendelea kupiga. Nyumba ikipasuka tunaita wazee, tunaapa kwamba hakukuwa na dalili yoyote. Kijana anasema yuko poa, mama mzee anasema yeye mzima tu, nasi tunapita. Lakini pikipiki ikilia vibaya njiani, si tunashuka, tunainama, tunatega sikio?

Wala msidhani nasema na ninyi peke yenu. Mama mchungaji amekaa pale, benchi la pili. Alhamisi nilimwuliza ana nini, akaniambia hana neno, nami nikarudi mezani kuandaa mahubiri haya. Naona ameinama.

Kwa hiyo leo baada ya ibada mnada wa mazao ya sadaka haupo. Mahindi na kuku mlivyoleta tutavinadi Jumapili ijayo. Kuku nitawalisha mimi. Nendeni nyumbani, mkamwulize tena yule aliyewaambia hana neno, na mkishauliza, kaeni chini mnyamaze. Mama, nisubiri hapo mlangoni, nakuja.