Waamuzi Waliogeuza Viti

Hapo zamani za kale, siku ya Ijumaa, saa kumi na nusu, Alasiri ikiwa imeshaswaliwa, wanyama walibadili namna ya kumchagua mtoto bora wa tenisi. Msishangae kwamba saa naijua. Aliyenisimulia alikuwa hasahau saa. Msahaulifu ni mimi.

Kila mwaka baada ya mavuno, wanyama walikusanyika kwenye uwanja wa udongo mwekundu kumtafuta mtoto mwenye matumaini kuliko wote. Huyo mmoja alivushwa mto akafundishwe na Korongo, bingwa wa zamani. Waliobaki walirudi nyumbani kuteka maji.

Waamuzi walikuwa wawili, Mzee Kifaru na Bwana Kiboko. Kifaru alikuwa haoni mbali, na hakutaka kusema. Nami nisimcheke sana, maana miwani yangu ilikaa sandukuni mwaka mzima nikisingizia jua kali. Basi Kifaru akatunga kanuni: mchezaji hodari hujulikana kwa mguno anaoutoa akipiga mpira. Kiboko alikuwa anasinzia, akakubali.

Watoto wakaacha kujifunza kupiga, wakajifunza kuguna. Makame, mjukuu wa Mzee Nyati, aliguna huuu! hadi ndege wakaruka, na mpira wake ukaishia kwenye miiba. Mize, binti wa Bi Nguchiro, alipiga kimya. Tap. Mpira ukatua kwenye mstari, na hakuna mwamuzi aliyejua. Alikwisha kurudishwa mara mbili, na mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho kuhesabiwa mtoto.

"Mama, niache nigune tu," alisema Mize. "Naweza."

"Ukishinda kwa koo, Korongo atakufundisha nini? Kuimba?"

Bi Nguchiro akapika wali wa nazi, sufuria kubwa. Akampelekea Mzee Kifaru sahani, akamwamkia, akamwambia kwa upole kwamba wako wanaonong'ona kuwa anawapendelea majirani zake.

"Na wewe, babu, husikiliza tu. Ukiupa uwanja mgongo, nani atakusema?"

Kifaru alifurahi kama aliyetuliwa mzigo. Siku hiyohiyo akatangaza kwamba waamuzi watageuza viti. Wali uliobaki, sinia zima, Bi Nguchiro akampelekea Mzee Nyati, aliyekuwa amekaa kando ya uwanja kumtazama mjukuu wake. Mzee Nyati alikula, akashukuru, akaegemea nguzo.

Mchezo ukaanza. Tap. Huuu! Tap. Kisha, kutoka kwenye nguzo: hrrrr-fuuu. Hrrrr-fuuu.

Kiboko akazinduka. "Umemsikia huyo?"

"Nimemsikia," alisema Kifaru. "Huyo hapumziki hata mpira ukiwa haupo. Na ana mabega, huyo. Nayasikia."

Mchezo ulipokwisha, Kifaru alisimama, akamshukuru Mungu, akatangaza kwamba mwenye mguno mzito wa upande wa kulia ndiye aliyechaguliwa. Bado ni mdogo sana, alisema, na miaka yake mizuri iko mbele. Akamwita aje.

Hakuna aliyekuja. Hrrrr-fuuu, sauti iliendelea. Kifaru akaifuata polepole mpaka pua yake ikagusa ndevu za Mzee Nyati.

Mzee Nyati akafumbua jicho moja. "Wali umekwisha?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kiboko akajifanya amelala, kazi aliyoiweza. Kifaru alibaki amesimama, masikio yameanguka.

Bi Nguchiro akamsogelea. "Babu, udongo haujafagiwa. Kila mpira umeacha alama yake. Na pua yako iko karibu na ardhi kuliko za wengi wetu."

Kifaru akainama, akauzunguka uwanja. Upande aliosimama Mize hakukuta alama hata moja. Mipira ya Makame ilikuwa miibani. Upande wa Makame alikuta alama zimefuatana kandokando ya mstari, kama mshono kwenye pindo la kanzu.

"Mimi sioni mbali," alisema kwa sauti. "Lakini hizi naziona. Ni za nani?"

"Zangu, babu," alisema Mize.

Ilikuwa mara ya kwanza mwamuzi kuisikia sauti yake. Kesho yake alivuka mto, raketi kwapani.

Basi, wajukuu zangu, anayetaka kuihukumu kazi ya mtu, kwanza aende akaitazame.

Hadithi hii ni ya bibi yenu, Mwanasiti. Kila alipofika kwa Kifaru alikuwa akinitazama mimi, nami nikitazama dari. Leo nimeisimulia nimevaa miwani, na hakuna wa kunitazama. Ewe Mola, mrehemu Mwanasiti, mpanulie kaburi lake, ulitie nuru, na utukutanishe naye peponi. Amin.