Tope la Mzee Shekiondo

Mvua ilishusha nusu ya kilima mpaka uani kwa Mzee Shekiondo, mwenye mashine ya kusaga. Alipojaribu kuvuka, tope lilimfika magotini likammezea kandambili moja, ile aliyoifunga kwa waya. Ndipo akamwita Mwanahawa, mjane mwenye toroli.

"Kulitupa nje ya geti ni elfu thelathini," alisema Mwanahawa. "Kulipeleka mbali ni hamsini."

"Mbali, kwa ishirini. Na nikiona tope hilo limerudi hapa, unanirudishia hela yangu."

"Mzee, hiyo si bei, ni msiba." Mwanahawa alishusha pumzi. "Haya. Na huko mbali nilifanyie nini?"

"Ukitaka, lipike uji."

Siku mbili toroli lilipita na kurudi, Shekiondo akinywa chai barazani na kujipongeza.

Mwezi uliofuata alitaka kujenga banda la mbuzi. Akasaka matofali mabichi ya bei ya chini, na ya chini kabisa aliyakuta kwa Mwanahawa. Akamkaba mpaka akaachiwa matofali mia tano kwa laki moja, akarudi nyumbani akicheka peke yake.

Kuta zilipofika kiunoni, fundi alimwita aje atazame. Kwenye tofali moja ilichomoza kandambili yenye waya.

Shekiondo alifika kwa Mwanahawa akihema. "Nirudishie elfu ishirini yangu. Tope limerudi."

"Tope liko wapi, mzee? Lile ni banda, na matofali yake umeyanunua mwenyewe," alisema Mwanahawa. "Ila kandambili chukua bure. Hiyo sikuiwekea bei."