Mkaa Ulikuwa Jikoni

Wapendwa, kuna mchoraji mmoja ananiudhi sana, na leo naomba mnivumilie nikiwasimulia habari zake.

Jirani yake alikuwa mama mjane. Nyumba ya mama huyo iliwahi kuungua, na kila picha ya marehemu mumewe ikateketea. Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu, na daktari akamwambia wazi kwamba hayatapona. Akamwendea mchoraji, kwa sababu kijana huyo alikulia mezani pao na sura ya mzee aliijua vizuri.

"Mwanangu, nichoree hata kwa mkaa," akamwomba. "Nimwone mara moja tu kabla macho hayajafunga."

Ni ombi gumu hilo? Mkaa ulikuwa jikoni kwake, karatasi ilikuwa mezani. Lakini bwana mkubwa akasema mzee yule si mtu wa kuchorwa kwa mkaa. Akaagiza rangi za mafuta kutoka mbali. Zilipofika, akaona brashi zake zinanyonyoka. Alipopata brashi, akaona kitambaa cha kuchorea hakijawambwa sawasawa. Akakiwamba upya, akakipaka rangi nyeupe ya chini, akangoja ikauke, akaisugua, akaipaka tena. Mama akija kuuliza anajibiwa kwamba haraka haraka haina baraka. Jamani! Mtu anakuja kwako akishika ukuta asianguke, nawe unamfundisha subira?

Hatimaye picha ikaisha, na ilikuwa nzuri, sitamnyima haki yake. Akaibeba mwenyewe hadi kwa mama, akaiweka mbele yake, akasubiri machozi ya furaha. Mama akanyoosha mkono, akapapasa hewani, mpaka akaigusa fremu.

"Nimepatia, mama?"

"Sijui, mwanangu. Wa kukuambia nilikuwa mimi, na mimi sioni tena."

Naona mnatikisa vichwa. Na sisi je? Mama yako anakuomba umpigie simu tu, wewe unangoja likizo uende na blanketi na mchele. Ndugu uliyemkosea anakaa mtaa wa pili, wewe bado unatafuta maneno mazuri ya kuomba radhi. Tunasema tunamwandalia mtu kilicho bora, kumbe tunajiandalia sifa. Nani alikuomba kilicho bora? Umeombwa mkaa! Nimechoka kusikia kwenye mazishi maneno matamu ambayo marehemu aliyangoja akiwa hai.

Ibada ikiisha, msipange foleni pale mlangoni kunipa mkono. Nendeni mkapige simu.