Sauti ya Bi Mwanatumu

Sogeeni, wenye masikio! Palikuwa na shehe, Mbwarali, aliyemwonea wivu mkewe, Bi Mwanatumu. Wanawake wenye maswali ya dini walimpita yeye barazani, wakaingia ndani kwa mkewe.

Wivu ukamchoma, akaenda kwa jini wa kisima cha msikiti.

"Mnyang'anye mke wangu sauti!"

"Niiweke wapi?"

"Popote, mradi asiwe nayo."

Ijumaa shehe akapanda mimbari. Akafungua kinywa, ikatoka sauti ya mkewe. Akakohoa, ikatoka ileile. Akakohoa tena, ikazidi utamu. Wanaume wakaduwaa.

Nyuma ya pazia wanawake wakapiga vigelegele: "Alhamdulillahi! Leo wamempandisha Bi Mwanatumu mimbarini!"

Ngano imefika kwao. Mwenye wivu na akohoe.