Perege na Mkaguzi wa Mtungini

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati samaki nao walikuwa na milango ya kubishiwa hodi, ilikuwepo ghuba ya ziwa iliyojaa matete. Katikati ya matete hayo samaki walitaga, wakalea watoto, wakaazimana chumvi.

Kisha matete yakafyekwa, yakakanyagwa, yakaisha. Watoto wa samaki wakakosa pa kujificha. Ndege wakawadokoa, dop! dop! Majirani wakafunga mizigo, mmoja baada ya mwingine, wakahama.

Dada yake Perege naye akakusanya wanawe. "Twende, mdogo wangu."

"Nyumbani atabaki nani, dada?"

"Basi baki. Matete yakirudi, na sisi tutarudi."

Perege alikuwa mdogo, sawa na kiganja cha mkono wako. Akabaki peke yake katika mtungi uliozama chini ya maji. Kila jioni alipika, akapakua sahani mbili, akala moja. Halafu, asije akasahau sauti ya mgeni ilivyo, alitoka mlangoni.

"Hodi!" aliita kwa sauti nene. Akakimbia ndani. "Karibu! Habari za huko?" akajibu kwa sauti yake.

Mazungumzo yakiisha, maji yalinyamaza tena.

Serikali ya Mfalme Simba ilipopata habari za ghuba ile, ikatoa fungu la fedha. Matete yapandwe upya, samaki wapate pa kuzalia. Kamati ikaundwa. Mwenyekiti akawa Mzee Kiboko, mweka hazina Bwana Mamba. Kamati ikafanya kikao. Kikao kikawa na pilau. Pilau ikadai kikao kingine. Mwishowe fungu likaisha, kikabaki kibao kikubwa kwenye matope matupu: HAPA NI MAZALIA YA SAMAKI.

Perege akawaendea. "Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

"Matete yanapandwa lini?"

Kiboko akacheua, bweee! "Kwani hujaona kibao?"

"Nimekiona, mzee. Lakini mtoto hawezi kujificha nyuma ya maandishi."

Mamba akacheka, kwa kwa kwa! "Mtoto gani? Ghuba nzima uko peke yako! Unataka kucheza kibemasa, kujificha na kutafutana, na nani?"

Neno lile lilimchoma. Jioni hiyo Perege hakupakua hata sahani moja.

Mara akasikia chubwi, chubwi. Ni wazee wale wanapunga upepo karibu na mtungi wake, kama kawaida yao. Perege akajisogeza hadi kwenye kitako cha mtungi, mahali sauti inapovuma.

"HODI!" mtungi ukanguruma, buuum!

"Karibu, Mheshimiwa!" Perege akajibu kwa sauti yake. "Umetokea wapi?"

"KWA MFALME. MIMI NI MKAGUZI."

Kiboko akasimama ghafla. "Mamba, umesikia?"

"Nyamaza wewe!"

"NIMEKUJA KUONA MATETE," mtungi ukavuma. "NITAVUTA TETE MOJA MOJA. NIKIKUTA LISILO NA MIZIZI, NITAMTAFUTA MWENYEKITI."

"Mheshimiwa, tafadhali, wazee ndio kwanza wanatafuta miche. Uwasubiri mpaka mwezi uandame."

"HAYA. NI KWA AJILI YAKO TU."

Mamba akamnong'oneza Kiboko. "Mtoto mzuri huyu! Katutetea!"

Asubuhi kazi ikaanza. Mamba anachimba kwa mkia, chwa! chwa! Kiboko anabeba miche kutoka ng'ambo, mizizi yake inaning'inia.

"Shindilia vizuri, Mamba!"

"Nashindilia! Wewe ndiye uliyemaliza sinia la pilau!"

"Na wewe je, uliyefunga nyingine kwenye mfuko?"

Mwezi ulipoandama, mtungi ukanguruma tena. "VIZURI. NITAKUWA NAPITAPITA." Tangu hapo Mamba hakuthubutu kukanyaga hata jani moja.

Siku moja Kiboko alikuja na miche mapema kuliko kawaida. Akachungulia mtungini. Perege alikuwa anaita hodi, anajibu karibu. Mbele yake kulikuwa na sahani mbili, na moja haikuguswa.

Perege akageuka, akamwona.

Kiboko alipanua kinywa ili angurume. Kisha akaitazama ile sahani.

"Siku zote hizi," akasema polepole, "ulikuwa mmoja tu?"

"Ndiyo, mzee."

Kiboko akafunga kinywa. "Mamba asijue. Upande wa kule bado haujapandwa." Akaondoka akinyanyua miguu yake mizito, asimvurugie maji.

Masika yakajaza ziwa. Matete yakarefuka hadi yakakifunika kibao. Jioni moja Perege alikuwa anapakua.

"Hodi!"

Akautazama mtungi. Mtungi kimya. Akajishika kinywa. Hakuwa yeye.

"Hodi, mdogo wangu! Au na wewe umehama?"

Neno lile alikuwa amelijibu kila siku, lakini leo alilijibu huku akikimbilia mlangoni. "Ka... karibu, dada. Karibuni!"

Watoto wakaingia, fyuu! fyuu! fyuu! mpaka sahani zikapungua.

Basi wanangu, kilichotolewa kwa ajili ya wote kikiliwa na wachache, mjue kuna mtu mahali fulani anabisha hodi mlangoni kwake na kujijibu mwenyewe.