Digidigi Aliyeanika Vitabu vya Kifaru

— Mpo, wenzangu?
— Tupo, masikio wazi!
— Niwape ya mbugani?
— Tupe, ya nyumbani tumeyachoka!

Wa kwanza kumpa Digidigi habari za kasha la vitabu alikuwa Bi Kobe.

"Kifaru kalikalia, mwanangu. Anasema vyote vyake, na hajafunua hata kimoja."

Neno hilo likamkaa Digidigi moyoni. Tangu mumewe aende kulamba chumvi asirudi, alibaki na kitoto chake tu, nacho hakijajua kusema. Siku zilipita hajaambiwa neno, hajajibu neno. Bi Kobe mwenyewe, kwa mwendo wake ule, alipita mara moja kwa mwaka. Ndiye aliyemfundisha kusoma zamani, na sasa herufi zilikuwa zikimtoka kichwani mojamoja. Aliogopa zikiisha zote, atabaki peke yake kabisa.

Akajikaza, akaenda. Tiki-tiki-tiki!

"Hodi, Bwana Kifaru. Ni mimi, Digidigi. Naomba niazime kitabu kimoja."

"Vyangu! Vyote vyangu! Nenda zako, we kijiti!"

Digidigi akainama, akanusa kasha.

"Haya, bwana mkubwa. Ila nasikia harufu ya mchwa. Vitabu ni kama mtama, visipoanikwa juani huliwa. Huwaoni hao?"

Kifaru alikuwa haoni hata ncha ya pembe yake. Lakini mkubwa hasemi haoni.

"Nawaona sana! Wamejaa! Anika upesi!"

"Kwa siku ukurasa mmoja tu, bwana. Jua likizidi, karatasi hupauka."

"Na malipo hupati!"

"Sitaki, bwana."

Basi kila asubuhi, kitoto kikinyonya, Digidigi akafunua, akapuliza fuu!, akasoma, akafunika. Siku ya kwanza herufi zilimgomea, akarudia mstari mmoja mara nne. Kesho yake akafunua, akapuliza fuu!, akasoma, akafunika. Siku ya uchovu alifika vilevile, akasoma japo nusu.

"We! Mbona unanong'ona?" Kifaru akauliza.

"Nawalaani mchwa, bwana."

"Walaani kwa nguvu wasikie!"

Ndipo Digidigi akaanza kusoma kwa sauti. Kitoto kikaacha ziwa, kikamtazama mdomo.

Mwezi wa tatu kitabu kikaisha. Digidigi akainua kichwa amwambie mtu. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na nyasi, na Kifaru akijisifu: "Hakuna hata mchwa mmoja! Nimewakomesha!"

Akarudi kichakani kwake. Siku hiyo ukimya ulimuuma kuliko zamani, maana zamani hakuwa na la kusema.

Hadithi nimeitua, anayeitaka ajitwike. Na funzo lake ni hili: mwenye vitabu avikalie barabara, asimwazime mtu, asijisumbue kuvifunua. Ndivyo vinavyosalimika na mchwa.

Na Digidigi? Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kuanika kitabu cha pili, alishuka mtoni. Alimkuta Ngiri akinywesha wanawe. Hawakuwahi kusalimiana hata siku moja. Digidigi alisimama, akarudi nyuma hatua mbili, akasogea tena.

"Dada," akasema, "nimemaliza kitabu. Nikusimulie?"